KURA 12
Hotuba juu ya uchaguzi katika wilaya ya wavuvi nchini Kanada



Mara nyingi, siku za uchaguzi zinapokaribia, neno moja husikika sokoni, katika basi, na hata penye mlango wa nyumba ya ibada: "Kura yangu ni moja tu, na watu ni maelfu. Nikikaa nyumbani, nani atakayejua?" Hilo si neno la mpumbavu. Mtu aliye na shamba la kupalilia, au duka la kufungua asubuhi, ana haki ya kuuliza kama safari yake ya kwenda kupiga kura ina faida yo yote. Tena jawabu lake haliwezi kuwa maneno matupu. Lazima liwe ni jambo lililotokea, lenye mahali pake, siku yake na hesabu yake.

Jambo la namna hiyo lilitokea katika nchi ya Kanada mwaka 2025, katika wilaya ya uchaguzi iitwayo Terra Nova—The Peninsulas. Ni wilaya ya vijiji vya wavuvi na miji midogo, mbali sana na mji mkuu wa nchi. Watu zaidi ya 41,000 walipiga kura, na mwisho wa mambo yote mshindi alimpita mwenzake kwa kura 12. La ajabu zaidi ni kwamba katika hesabu ya kwanza huyo huyo mshindi alikuwa ameshindwa, na kwa kura 12 vile vile.

Ili kufahamu uzito wa jambo hilo, yafaa kwanza kuijua nchi yenyewe na watu wake.

NCHI NA BAHARI YAKE

Newfoundland ni kisiwa kikubwa kilicho upande wa mashariki kabisa wa Kanada, katika Bahari ya Atlantiki. Kisiwa hicho, pamoja na nchi ya Labrador iliyo barani, ni jimbo moja, na jimbo hilo hupeleka wajumbe 7 katika Bunge la Kanada lililoko Ottawa. Pwani ya kisiwa imekatwakatwa na ghuba ndefu, na baina ya ghuba na ghuba nchi huchomoza baharini kama vidole vya mkono. Vidole hivyo ni rasi, na ndiyo maana ya jina la wilaya hiyo: Terra Nova ni Nchi Mpya, na The Peninsulas ni Rasi.

Rasi mbili zajulikana zaidi. Ya kaskazini ni Bonavista, ambako wenyeji husimulia kwamba ndiko alikofika nahodha John Cabot mwaka 1497. Ya kusini ni Burin, yenye miji ya Marystown, Grand Bank na St. Lawrence. Penye barabara kuu ipitayo kisiwani uko mji wa Clarenville, ambao watu wa vijiji vingi huuendea kwa mahitaji yao. Mahali pengine ni vijiji vya nyumba za mbao zilizojengwa juu ya mawe, kila kijiji kikielekea bandari yake ndogo. Udongo ni haba. Ukungu hufunika pwani siku nyingi, na baridi ya miezi ya kipupwe inapokwisha, milima ya barafu huonekana ikielea baharini mbele ya Bonavista. Mtu hawezi kuishi hapo kwa jembe peke yake. Tangu zamani shamba la watu hao ni bahari.

Zao la shamba hilo lilikuwa samaki aina ya chewa wa maji ya baridi. Kwa muda wa karne nyingi wanaume walimvua kwa ndoana na nyavu, na wanawake na watoto walimpasua, wakamtia chumvi, wakamwanika juu ya machanja ya miti mpaka akawa ng'onda. Ng'onda huyo alipelekwa kuuzwa Ulaya, katika visiwa vya Karibi na hata Brazil. Lakini mvuvi mwenyewe mara chache alishika fedha mkononi. Mfanyi biashara alimpa unga, chai, kamba na ndoana kwa mali kauli mwanzoni mwa msimu, na mwishoni akachukua samaki kwa bei aliyoikata yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata deni lilianza tena.

Mtu mmoja aliyeona kwamba jambo hilo halifai ni William Coaker. Mwaka 1908 alianzisha chama cha kuwatetea wavuvi, na kauli yake ilikuwa kwamba kila mtu apate kilicho chake. Tangu mwaka 1916 chama hicho kilijenga mji wake wenyewe katika rasi ya Bonavista, ukaitwa Port Union, wenye maduka, maghala na mtambo wa kupigia chapa gazeti. Wavuvi hao hawakuishia kwenye biashara. Katika uchaguzi wa mwaka 1913 walikuwa wamekwisha kupeleka watu wao katika Baraza la kutunga sheria, kwani waliona kwamba bei ya samaki na sheria ya nchi ni ndugu wawili.

MIAKA 15 BILA KURA

Wakati huo Newfoundland haikuwa sehemu ya Kanada. Ilikuwa nchi ya peke yake chini ya Taji la Uingereza, na tangu mwaka 1855 ilikuwa na serikali iliyowajibika kwa Baraza lililochaguliwa na watu. Lakini vita ya mwaka 1914 hadi 1918 iliiachia madeni mazito, na baada ya mwaka 1929, bei ya samaki ilipoanguka duniani kote, hazina yake haikuweza tena kulipa. Mwaka 1934 nchi hiyo iliacha kujitawala. Baraza lilifungwa, na mahali pake pakawekwa Tume ya watu sita chini ya Gavana, watatu kutoka Newfoundland na watatu kutoka Uingereza. Hapakuwa na uchaguzi wa serikali tena. Mtu aliyetimia umri wa kupiga kura mwaka ule alikaa miaka 15 bila kumchagua mtu wa kuiongoza nchi yake.

Baada ya vita ya pili ya dunia, mwaka 1946, watu walichagua wajumbe wa Mkutano wa Taifa ili wafikirie nchi itawaliweje. Kutoka sehemu ya Bonavista alikuja Joseph Smallwood, aliyekuwa mwandishi wa magazeti na mtangazaji wa redio. Yeye alishika neno moja: kuungana na Kanada. Wengine walisema yafaa kurudia kujitawala kama zamani. Mabishano yalikuwa makali katika kila nyumba.

Tarehe 3 Juni, 1948, watu waliulizwa, wala hapakuwa na upande uliopata nusu ya kura. Basi tarehe 22 Julai waliulizwa mara ya pili. Waliotaka kuungana na Kanada walikuwa 78,323, na waliotaka kujitawala walikuwa 71,334. Tofauti ilikuwa kura 6,989 tu, kwa jambo lililobadili nchi nzima. Mwisho wa mwezi wa Machi 1949 Newfoundland ikawa jimbo la kumi la Kanada, na Smallwood akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza.

MISIBA YA PWANI

Watu wa rasi hizo wamejua misiba. Jioni ya tarehe 18 Novemba, 1929, ardhi ilitetemeka chini ya bahari kusini ya Burin. Baada ya saa mbili na nusu hivi maji yalikupwa kuliko kawaida, kisha yakarudi kwa mawimbi makubwa yaliyozoa nyumba, mashua na maghala ya samaki. Watu wasiopungua 27 walikufa. Waya ya simu ilikuwa imekatika, na muda wa siku tatu hakuna mtu wa nje aliyepata habari, mpaka meli iliyopita kwa safari yake ya desturi ilipopeleka ujumbe kwa redio.

Msiba mwingine ulitokea tarehe 18 Februari, 1942, wakati wa vita. Manowari ya Kimarekani iitwayo Truxtun, na meli ya mizigo Pollux, zilipotea njia katika tufani zikapasuka juu ya miamba karibu na St. Lawrence. Mabaharia 203 walikufa. Wachimba migodi na wavuvi wa St. Lawrence na Lawn waliteremka magenge yenye barafu kwa kamba, wakawapandisha juu watu 186 mmoja mmoja, wamelowa mafuta meusi ya meli.

Mmoja wao alikuwa kijana Mwafrika wa Marekani, jina lake Lanier Phillips, aliyezaliwa katika jimbo la Georgia. Huko kwao mtu mweusi hakukaa meza moja na mtu mweupe, na melini kazi aliyoruhusiwa ilikuwa ya kuwahudumia maafisa. Wanawake waliokuwa wakimwosha walimsugua sana, wakidhani kwamba weusi wake ni mafuta yaliyoshika ngozi. Alipowaambia kwamba hiyo ndiyo rangi yake, hawakumtenga. Mama mmoja alimchukua nyumbani kwake, akamlaza kitandani, akamlisha kwa kijiko, na siku ya pili akamketisha mezani pamoja na jamaa yake. Phillips alisema maisha yake yote kwamba siku ile ndipo alipotendewa kama mtu kwa mara ya kwanza na watu weupe. Baadaye, mwaka 1957, alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika jeshi la majini la Marekani kuwa fundi wa mitambo ya kusikiliza chini ya maji, na aliandamana pamoja na Martin Luther King kudai haki ya watu weusi kupiga kura. Mwaka 2008 chuo kikuu cha Newfoundland kilimpa heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 2012.

Habari hii yasimuliwa hapa kwa sababu watu wa pwani hiyo walipokuwa gengeni usiku ule hawakuuliza kama mtu mmoja zaidi ana faida gani.

KUHAMA, NA KUFUNGWA KWA BAHARI

Baada ya kuungana na Kanada, serikali iliona kwamba ni vigumu kupeleka shule, hospitali, barabara na umeme katika mamia ya vijiji vidogo vilivyotawanyika visiwani. Tangu mwaka 1954 hadi 1975 watu wapatao 30,000 wa jimbo hilo walisaidiwa kwa fedha kuhama, na vijiji karibu 300 vikaachwa. Wengine walizivuta nyumba zao za mbao juu ya maji kwa mashua, wakazipandisha ufukweni mahali papya. Mwanzoni fedha hazikutolewa mpaka kila nyumba ya kijiji ikubali kuondoka. Baadaye ikatosha nyumba 90 katika kila 100, kisha 80. Waliokuwa wachache walilazimika kuchagua kati ya kufuata wenzao na kubaki peke yao bila duka wala mwalimu. Mpaka hivi leo wazee wengi hulia wanapoviona visiwa vitupu vya ghuba ya Placentia.

Kisha likaja pigo kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1950 meli kubwa za kigeni zenye nyavu za kukokota na mitambo ya baridi zilikuja kuvua chewa usiku na mchana. Mwaka 1977 Kanada ilijitwalia mamlaka ya uvuvi mpaka maili 200 kutoka pwani, lakini meli zake yenyewe zikaendelea kuvua kupita kiasi. Wavuvi wa mashua ndogo walisema mapema kwamba samaki wanapungua na kuwa wadogo. Sauti yao haikusikilizwa upesi. Tarehe 2 Julai, 1992, Waziri wa Uvuvi John Crosbie, ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa Newfoundland, alitangaza kwamba uvuvi wa chewa wa kaskazini umefungwa. Watu wapatao 30,000 walipoteza riziki zao.

Ilidhaniwa kwamba bahari itapumzishwa miaka miwili. Amri hiyo ikadumu miaka 32, kwani iliondolewa mwezi Juni 2024 tu, nayo kwa kiasi kidogo cha tani 18,000. Katika muda huo vijana walikwenda kutafuta kazi mbali, hasa katika visima vya mafuta vya Alberta. Hesabu ya watu wa jimbo zima ilikuwa 568,474 mwaka 1991. Mwaka 2006 ilikuwa imeshuka hadi 505,469. Waliobaki waligeukia kaa na kamba, ujenzi wa mitambo ya mafuta ya baharini, na wageni wanaokuja kutazama barafu na nyangumi.

Hao basi ndio wapiga kura wa wilaya yetu. Ni watu ambao amri iliyotiwa sahihi Ottawa iliweza kuwafungia bahari yao. Hawakuwa na haja ya kufundishwa kwamba mambo ya Bunge huingia mpaka jikoni.

UCHAGUZI WA TAREHE 28 APRILI, 2025

Mwaka 2025 Kanada nzima ilichagua Bunge jipya lenye viti 343. Chama cha Liberal kiliongozwa na Waziri Mkuu Mark Carney, na Chama cha Conservative kiliongozwa na Pierre Poilievre. Ili chama kitawale bila kutegemea msaada wa vyama vingine, kilihitaji viti 172.

Mjumbe wa zamani wa sehemu hiyo ya pwani, Churence Rogers wa Chama cha Liberal, hakusimama tena. Mahali pake chama chake kilimsimamisha Anthony Germain, na Conservative kikamsimamisha Jonathan Rowe. Vyama vingine pia vilikuwa na watu wao, lakini shindano lilikuwa la hao wawili.

Huko Kanada kura hupigwa kwa karatasi na penseli. Vituo vya Newfoundland hufunguliwa saa mbili u nusu asubuhi na kufungwa saa mbili u nusu usiku, na sheria humlazimisha mwajiri kumpa mfanyi kazi nafasi ya saa tatu mfululizo ili apate kupiga kura. Mtu hupewa karatasi yenye majina, na mbele ya kila jina pana duara. Huingia mahali pa faragha, akatia alama yake ndani ya duara moja. Vituo vikifungwa, makarani huhesabu papo hapo, mbele ya macho ya watu waliotumwa na wagombea wenyewe. Baadaye msimamizi wa uchaguzi hukusanya hati za vituo vyote na kuzithibitisha.

Hati hizo zilipothibitishwa, Germain alikuwa na kura 19,704 na Rowe kura 19,692. Germain alikuwa mbele kwa kura 12.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Sheria ya uchaguzi ya Kanada yasema kwamba, kama tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni chini ya kura moja katika kila elfu ya kura halali zilizopigwa, msimamizi wa uchaguzi hana hiari: lazima aombe jaji ahesabu tena. Katika wilaya hiyo mpaka huo ulikuwa kura 40 na kidogo. Tofauti ya 12 ilikuwa chini yake sana. Aliyeshindwa hakuhitaji kulalamika, wala kukusanya fedha za mawakili, wala kuandamana. Sheria yenyewe ilikwisha kumsemea kabla hajafungua kinywa.

KARATASI MOJA BAADA YA NYINGINE

Tarehe 12 Mei, Jaji Garrett Handrigan wa Mahakama Kuu ya Newfoundland na Labrador alianza kazi katika mji wa Marystown. Masanduku yaliletwa kutoka kila upande wa wilaya. Karatasi zote zaidi ya 41,000 zilitolewa na kutazamwa, moja baada ya nyingine, na watu wa pande zote mbili wakiwapo. Karatasi iliyokubaliwa na wote iliwekwa penye fungu lake. Iliyobishaniwa ilipelekwa kwa jaji, akaitazama mwenyewe na kutoa hukumu. Karatasi za namna hiyo zilipita 1,000. Kazi hiyo ilichukua karibu wiki mbili.

Jaji haruhusiwi kukisia mambo ya moyoni mwa mpiga kura kwa kupenda kwake. Sheria humwonyesha njia. Karatasi isiyo na alama ndani ya duara haihesabiwi. Yenye alama kwa watu wawili haihesabiwi. Iliyoandikwa neno au ishara inayoweza kumtambulisha aliyepiga kura nayo haihesabiwi, kwa maana siri ya kura ikivunjwa kwa mmoja, mwingine aweza kutishwa au kununuliwa. Katika mengine sheria ni pole: alama ikiwa mkato mmoja au msalaba, ikiwa imenyooka au imepinda kwa mkono wa mzee unaotetemeka, yatosha, mradi iko mahali pake.

Tarehe 23 Mei hesabu ilikwisha. Karatasi zilizokataliwa zilikuwa 819. Germain, aliyekuwa na 19,704, alibaki na 19,593; alipungukiwa kura 111. Rowe, aliyekuwa na 19,692, alibaki na 19,605. Alipungukiwa kura 87. Basi aliyekuwa nyuma kwa kura 12 akawa mbele kwa kura 12, na Jonathan Rowe akatangazwa kuwa mjumbe wa wilaya hiyo. Siku tatu baadaye, tarehe 26 Mei, Bunge jipya lilikutana.

Kura hizo hazikubadili wilaya moja tu. Kabla ya hesabu ya Marystown, Liberal walikuwa na viti 170. Baada yake walikuwa na 169, na Conservative 144. Chama kilichohitaji viti viwili ili kitawale peke yake kikawa kimepungukiwa na vitatu. Sababu moja ya jambo hilo lililozungumzwa nchi nzima ilikuwa watu kumi na wawili, idadi ambayo hutosha kujaza mashua mbili za wavuvi.

MAMBO YA KUFIKIRIWA

Watu wengi waliposikia habari hiyo walishangazwa na zile kura 12. Lakini hesabu inayostahili kufikiriwa zaidi ni ile ya karatasi 819. Hizo ni mara 68 ya zile kura zilizokata shauri. Kila moja ilikuwa na mtu wake. Mtu huyo aliondoka nyumbani, akasubiri zamu yake, akapewa karatasi, akaingia faraghani, kisha akarudi kwake akiamini kwamba amepiga kura. Wengine labda walitaka kuiharibu karatasi kwa makusudi, nao wana haki hiyo. Lakini aliyekosea mahali pa kutia alama kwa haraka au kwa haya ya kuuliza, huyo alipoteza safari yake. Karani wa kituo yupo kwa ajili ya kuulizwa jinsi ya kupiga kura, wala si aibu kumwuliza. Na mtu akiharibu karatasi kabla ya kuitia sandukuni, huko Kanada sheria humruhusu kuirudisha na kupewa nyingine.

Jambo la pili ni uvumilivu. Kuanzia tarehe 28 Aprili mpaka tarehe 23 Mei ni siku 25. Muda huo wote watu wa wilaya hiyo hawakujua kwa hakika nani atawasemea. Ingekuwa rahisi kueneza uvumi kwamba masanduku yameibwa, au kwamba jaji amehongwa. Dawa ya uvumi ni kazi iliyofanywa mbele ya macho ya pande zote mbili. Hesabu ya kwanza ilifanywa usiku na makarani waliokuwa kazini tangu asubuhi, na binadamu aliyechoka hukosea. Sheria nzuri haijidai kwamba makarani ni malaika. Hukubali kwamba makosa yatatokea, nayo huweka njia ya kuyatafuta na kuyasahihisha kabla Bunge halijaketi.

Jambo la tatu, yaweza kuulizwa: je, kama wangalilingana sawasawa? Zamani, katika Kanada, msimamizi wa uchaguzi alikuwa na kura ya kukata shauri, na kura yake moja ilishinda maelfu ya watu. Sheria ya mwaka 2000 iliondoa desturi hiyo. Sasa wagombea wakilingana baada ya jaji kuhesabu, uchaguzi hurudiwa, na shauri hurudishwa kwa wananchi wenyewe, kwa kuwa ni lao.

Mtu anayesema kwamba kura yake ni moja tu, asema kweli. Haikupata kuwa zaidi ya moja kwa mtu ye yote: tajiri ana moja, mvuvi ana moja, waziri ana moja. Huko Marystown, mwezi wa Mei 2025, jaji alishika karatasi kama hiyo mkononi mwake, akaigeuza, akaitazama kwa makini, kisha akaiweka upande uliostahili. Hakujua ni ya nani, wala hakutakiwa kujua. Alitakiwa kuhakikisha jambo moja tu, yaani kwamba imehesabiwa.

Basi siku ya kura ifikapo, mahali po pote, aliye na haki hiyo aende mapema, aulize asichokijua, atie alama yake mahali pake bila haraka, kisha arudi kwenye kazi yake na kungoja hesabu kwa utulivu.